Kwa nini Suezo wako alikufa mapema: umri na ukuaji wa viumbe wa Monster Rancher 2

Swali la msomaji:

"Shikamoo. Nacheza Monster Rancher 2, gemu la kulea viumbe wiki kwa wiki, kwenye kompyuta, lile toleo jipya la DX. Kiumbe wangu wa kwanza, wa aina ya Suezo, alikufa akiwa na miaka 3 na mwezi mmoja. Kila mwezi nilikuwa nampa mazoezi mazito wiki tatu, wiki ya nne anapumzika. Sikuwahi kumnunulia kitu dukani zaidi ya viazi kwa sababu nabana pesa. Kaka yangu alimlea Suezo wa aina ileile akafika miaka 6. Yeye anasema ni bahati tu. Je, umri wao hupangwa tangu mwanzo? Na kwa nini mwaka wa mwisho wangu alikuwa anafanya mazoezi lakini hapandi? Sasa nina Golem wa mwaka mmoja na nusu, namlea vilevile, na sitaki naye aondoke hivyo."

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa Suezo. Najua watu watakaokuambia ni gemu tu, lakini aliyekaa na kiumbe mmoja wiki baada ya wiki, akamsifu, akamkaripia, akamtazama akishinda pambano lake la kwanza, huumia akiondoka. Mchezo huu ulitengenezwa ili uumie. Ndiyo maana swali lako linastahili jibu la kina.

Nianze na kaka yako. Kuhusu bahati amekosea. Umri wa kiumbe katika Monster Rancher 2 umepangwa kweli tangu siku anapozaliwa, kwa idadi maalumu ya wiki kulingana na aina yake. Suezo wako na Suezo wake walianza na akiba moja. Kilichowatofautisha ni matumizi, na matumizi hayo yanahesabika wiki kwa wiki.

Kalenda ya mchezo ina miezi 12, kila mwezi wiki 4, kwa hiyo mwaka mzima ni wiki 48. Suezo wa kaka yako aliishi miaka 6, yaani wiki 288. Wako aliishi miaka 3 na mwezi, yaani wiki 148. Hapo zimepotea wiki 140 ambazo Suezo wako alikuwa nazo na hakuziishi. Ukigawanya utaona kwamba kila wiki uliyokaa naye ilikula karibu wiki mbili za maisha yake. Namba hiyo inaendana kabisa na ratiba uliyonieleza.

Kila wiki inapopita, mchezo unamtoa kiumbe wiki moja ya maisha. Hiyo haiepukiki. Baada ya hapo unaangalia vitu viwili vilivyofichwa: uchovu na msongo. Kila kimoja kina kipimo chake kuanzia 0 hadi 100. Mchezo unachukua uchovu, unaujumlisha na msongo uliozidishwa mara mbili, na jumla hiyo ndiyo inayoamua adhabu. Wachezaji waliochambua programu ya mchezo wameibainisha mipaka yenyewe. Jumla ikiwa chini ya 70, hakuna adhabu yoyote. Kuanzia 70 hadi 104 anapoteza wiki moja ya ziada, 105 hadi 139 wiki mbili, 140 hadi 174 wiki tatu, na inaendelea kupanda hivyo kwa kila hatua ya 35.

Chukua mfano. Kiumbe mwenye uchovu 60 na msongo 0 ana jumla ya 60. Amechoka kweli, lakini hapotezi kitu. Kiumbe mwenye uchovu 40 na msongo 20, ambaye ukimtazama utasema ana afadhali kuliko yule wa kwanza, ana jumla ya 80, na wiki hiyo maisha yake yanakatwa wiki mbili badala ya moja. Mwenye uchovu 50 na msongo 60 ana 170, na huyo kila wiki anayoamka inamgharimu wiki nne. Kiumbe wa wiki 300 akiendeshwa katika hali hiyo mwanzo hadi mwisho ataishi wiki 75, mwaka mmoja na miezi sita na kitu. Akitunzwa chini ya 70 wakati wote, ataishi miaka 6 na miezi mitatu.

Ni kama nyumba mbili zilizonunua uniti sawa za LUKU, moja ikawasha taa na feni, nyingine ikawasha pasi na jiko la umeme kutwa nzima. Anayekatikiwa mapema hawezi kusema kaibiwa.

Ninachotaka ukishike zaidi ya vyote ni kile kidogo cha "mara mbili". Wachezaji wengi wapya, na nadhani wewe mmoja wao, wanapigana na uchovu kwa sababu ndio unaoonekana. Colt, msaidizi wako pale shambani, anakuambia kiumbe amechoka, nawe unampumzisha, kesho yake anakuambia yuko vizuri, na moyo wako unatulia. Hakuna anayekuambia habari za msongo. Hauna namba kwenye skrini na hauna sentensi ya Colt. Unajikusanya kimyakimya, na kwenye hesabu ya umri una uzito maradufu ya uchovu. Kiumbe anaweza kuambiwa "yuko vizuri" huku kila wiki akikatwa wiki mbili.

Sasa tuitazame ratiba yako. Wiki tatu za mazoezi mazito mfululizo, kisha mapumziko. Zoezi zito linaongeza uchovu na msongo pia, na yote mawili kwa kiasi kikubwa kuliko zoezi jepesi. Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa shwari: wiki ya kwanza jumla ilikuwa ndogo, ya pili ikakaribia mpaka, ya tatu huenda ukauvuka. Mapumziko ya wiki ya nne yakaufuta uchovu vizuri, lakini msongo yaliupunguza bila kuumaliza. Mwezi wa pili ulianza na deni. Mwezi wa tatu deni likawa kubwa zaidi. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, naamini Suezo wako alikuwa anaanza kila mwezi akiwa tayari karibu na 70, na zoezi lolote zito lilimvusha. Bila kitu cha kumtuliza, hakuwa na njia ya kurudi chini.

Hapo ndipo ubanaji wako wa pesa ulipokugharimu. Duka la mchezo lina vitu viwili ambavyo mlezi makini hakosi. Mint Leaf hupunguza msongo, na hupunguza kwa kiasi kikubwa, karibu nusu ya uliopo. Nuts Oil hushughulikia uchovu. Kiumbe anapokea kitu kimoja tu kwa wiki, kwa hiyo huwezi kumpa vyote kwa mpigo, lakini ukivipanga kwa zamu ndani ya mwezi vinatosha kumweka chini ya mpaka huku akiendelea kufanya kazi. Viazi ni chakula cha bei ya chini kuliko vyote, na kwa kiumbe anayevipenda si kosa. Kwa asiyevipenda, unampa msongo mwanzoni mwa kila mwezi kisha unashangaa kwa nini hatulii. Angalia anavyopokea chakula. Akionyesha kutofurahi, badilisha, hata kama pesa inauma.

Swali lako la pili, kwamba mwaka wa mwisho alijaribu lakini hapandi, ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu linaonyesha ulikuwa unamtazama. Wengi hawaoni hilo.

Maisha ya kila kiumbe yamegawanywa katika hatua 10, tangu uchanga hadi uzee. Zoezi lilelile, kwa kiumbe yuleyule, linatoa faida tofauti kulingana na hatua aliyopo. Mwanzoni anapanda kidogo. Katikati kuna kipindi cha nguvu ambapo kila zoezi linazaa kuliko wakati mwingine wowote, na huo ndio wakati ambao bingwa hutengenezwa. Baadaye faida inashuka tena, na hatua za mwisho unaweza kumfanyisha zoezi zito mwezi mzima ukapata alama za kuhesabu kwa vidole.

Kumbuka kwamba hatua hizi hazifuati siku yake ya kuzaliwa. Zinafuata akiba ya maisha iliyobaki ikilinganishwa na ile aliyoanza nayo. Kwa hiyo wiki 140 ulizompotezea hazikukatwa mwishoni mwa maisha yake, kana kwamba aliishi kawaida kisha akaondolewa ghafla. Zilikatwa humohumo njiani, na nyingi ndani ya kipindi chake cha nguvu. Alikivuka kipindi hicho mbio. Alipotimiza miaka 2, ambapo Suezo wa kaka yako alikuwa bado kijana, wako alikuwa ameshatumia sehemu kubwa ya maisha. Ule mwaka wa mwisho uliouona hapandi, kwenye kalenda alikuwa wa miaka 2 na ushee, lakini mchezo ulikuwa unamhesabu mzee. Na wewe, kwa kuona hapandi, bila shaka ulimwongezea mazoezi, ambayo yaliongeza msongo, ambao ulimzeesha zaidi.

Kwa sababu hiyo mimi husema katika mchezo huu anayemlea kiumbe polepole humfikisha kwenye alama kubwa kuliko anayemkimbiza. Wiki moja ya zoezi zito inatoa alama nyingi kuliko wiki ya zoezi jepesi, hilo ni kweli. Lakini ukitaka kulinganisha sawasawa, gawanya alama hizo kwa wiki za maisha zilizoliwa. Zoezi zito la alama 15 lililokula wiki tatu limekupa alama 5 kwa wiki. Zoezi jepesi la alama 10 lililokula wiki moja limekupa 10. Namba hizi nimezitoa kama mfano, lakini uwiano wa namna hiyo utauona mwenyewe ukianza kuandika. Na usisahau kwamba katika Monster Rancher 2 zoezi zito, pamoja na kupandisha uwezo wake mkuu, hushusha mwingine.

Viumbe wote hawazipitii hatua hizi kwa mwendo mmoja. Kuna namna nne za kukua. Wapo wa kawaida, ambao kipindi chao cha nguvu kinakaa katikati ya maisha. Wapo wanaowahi kukomaa: wanapanda haraka wakiwa wadogo, unadhani umepata lulu, kisha wanapoa mapema. Wapo wanaochelewa, ambao miaka ya kwanza wanakuvunja moyo na nguvu yao inakuja wakati wengine wameanza kuchoka. Na wapo wanaodumu, ambao kipindi chao cha nguvu hakina kilele cha juu sana lakini kinaendelea kwa muda mrefu. Namna ya kukua inategemea aina ya kiumbe, nawe huwezi kuibadilisha kwa malezi. Unachoweza ni kuijua na kuifuata.

Mchezo haukuonyeshi. Ndiyo, wapo watu walioandaa majedwali ya kila aina, na ukitaka kuyatumia sikukatazi. Lakini nakushauri uipime mwenyewe kwa kiumbe mmoja angalau, kwa sababu utajifunza kuona. Chukua daftari. Chagua zoezi moja jepesi, lilelile, na umpe kila mwezi katika wiki ileile, ile inayofuata mapumziko ili uchovu usiharibu kipimo. Andika amepanda alama ngapi. Wiki ambayo Colt anasema amefaulu sana, weka alama pembeni, kwa sababu hiyo si kipimo cha kawaida. Wiki aliyofanya ujanja au kushindwa, usiihesabu kabisa. Baada ya mwaka mmoja wa mchezo utaona namba zinapanda, zimetulia au zimeanza kushuka. Zikiwa zinapanda kwa kasi tangu miezi ya mwanzo, usichelewe: huyo anakomaa mapema na wiki zake bora ni hizi. Zikiwa chini na hazisogei, usikate tamaa wala usimzidishie mzigo. Mtunze awe na maisha marefu, maana kwake kila wiki ya mwanzo unayoipoteza kwa msongo inaukaribisha uzee bila kumpa nafasi ya kuufaidi ujana uliochelewa. Kiumbe anayechelewa kukomaa akilelewa kwa ratiba yako ya zamani ndiye anayeumia kuliko wote.

Nadhani tabia ya kukimbiza viumbe wengi wetu tumeitoa kwenye Pokémon. Kule pia kuna namna za kukua, makundi sita: wa haraka zaidi anahitaji alama za uzoefu 600,000 kufika kiwango cha 100, na wa polepole zaidi 1,640,000. Lakini kule hakuna saa. Pokémon wako hazeeki. Anayechelewa anakudai muda wako wewe, hakudai wake. Ukimpiganisha mchana na usiku hapotezi kitu. Mtu akihamia Monster Rancher na mkono ule ule, anamuua kiumbe kwa bidii. Tamagotchi ya Bandai, iliyotoka Japani mwaka 1996, ilitufundisha kinyume chake: kiumbe anakufa ukimtelekeza. Monster Rancher ya kwanza, ambayo Tecmo waliitoa Japani mwaka 1997 kwa jina la Monster Farm, ilichukua kifo kile ikakiweka kwa mlezi ambaye hamwachi kiumbe wake hata wiki moja apumue. Ya pili, ya mwaka 1999, ndiyo iliyokamilisha hesabu hii ninayokueleza, na toleo la DX unalocheza, lililotoka Desemba 2021, limeibeba.

Nadhani pia kifo kilihitajika kwa sababu ya namna viumbe wanavyopatikana. Kwenye PlayStation ya zamani uliweka CD yoyote, ya muziki au ya gemu nyingine, na mchezo ukasoma taarifa zake ukatoa kiumbe. Kwenye DX unatafuta jina la CD kwenye orodha badala ya kuiweka. Kama kiumbe wa kwanza asingekufa, nani angekumbuka kujaribu CD ya pili? Na hapa nijibu jambo ambalo hukuuliza lakini watu huniuliza sana: kutafuta CD nyingine ya kutoa Suezo huyohuyo ili upate mwenye umri mrefu ni kujisumbua. CD inakupa aina. Umri unakuja na aina.

Kuna kiumbe mmoja ambaye ningependa umlee siku moja kwa ajili ya kufurahia ukuaji wenyewe, naye ni Worm. Huyo akitunzwa vizuri hadi umri mkubwa anaweza kujifunga kwenye kifuko kama kiwavi wa nondo, akatoka kiumbe wa aina nyingine kabisa. Hafiki huko akiwa amechakazwa. Katika mchezo mzima sijaona zawadi nzuri kuliko hiyo kwa mlezi mwenye subira.

Kuhusu kurefusha maisha, njia ipo. Silver Peach inaongeza wiki 25, yaani miezi sita na wiki moja. Gold Peach inaongeza wiki 50, mwaka mmoja na wiki mbili. Ni matunda adimu, na ukilipata usiliuze. Lakini pima hivi: Suezo wako alipoteza wiki 140 kwa msongo. Ungehitaji karibu Gold Peach tatu kuzirudisha, wakati ambapo majani machache ya Mint kila msimu yangezizuia zisipotee kabisa. Upande wa pili, duka lina dawa zinazotoa faida ya haraka na kukata maisha. Kwa kiumbe unayempenda, zipite tu.

Sasa Golem. Ana mwaka mmoja na nusu, yaani ameishi wiki 72. Ikiwa umemlea kama Suezo, na umesema ndivyo, basi ametumia karibu wiki 144. Tuchukulie alianza na 300, ili tuwe na kitu cha kuhesabia. Zimebaki 156. Ukiendelea hivyohivyo, ana wiki 78 za kalenda mbele yake, mwaka mmoja na miezi saba na nusu. Ukibadilika wiki hii, ana 156 kamili, miaka 3 na miezi mitatu. Atakuwa na miaka 4 na miezi tisa. Hutamfikisha alipofika Suezo wa kaka yako, lakini bado ana maisha marefu mbele kuliko yale aliyokwisha ishi.

Anza kwa kumshusha msongo. Mwezi ujao wote usimpe zoezi zito hata moja. Mpe Mint Leaf wiki ya kwanza, mapumziko na Mint Leaf nyingine wiki ya pili, kisha mazoezi mepesi wiki mbili. Pesa yako itapungua na kaka yako atakucheka. Mwache. Mwezi unaofuata ingia kwenye mzunguko ambao mimi nautumia kwa viumbe wengi: zoezi zito wiki ya kwanza na Nuts Oil, zoezi jepesi wiki ya pili na Mint Leaf, zoezi zito wiki ya tatu na Nuts Oil, mapumziko wiki ya nne, na Mint Leaf kama pesa inaruhusu. Ukiona Colt anataja uchovu kabla ya wiki ya nne, badilisha zoezi zito la wiki ya tatu liwe jepesi. Usibishane naye. Hata wiki ya mashindano inamchosha kiumbe, kwa hiyo usiiweke mara tu baada ya zoezi zito. Na safari za mazoezi, zile za Papas, Mandy, Kawrea na kwingineko, zinachukua wiki nne nzima na anarudi akiwa hoi. Mpeleke akiwa mzima, na akirudi apumzike.

Kwa upande wa uwezo, Golem amezaliwa na nguvu, uhai na ulinzi. Kasi hana na hatakuwa nayo. Naona walezi wengi wakipoteza mwaka mzima kujaribu kumfanya mwepesi, alama mbili leo, tatu wiki ijayo, huku kipindi chake cha nguvu kikipita. Wiki zake zilizobaki zipeleke kwenye zoezi la kuvuta na yale ya nguvu na ulinzi, na kwa mapungufu yake mpe ustadi kidogo tu ili mapigo yake yasikose kila mara. Akifanya ujanja kwenye zoezi, mkaripie. Si ukatili. Wiki ya ujanja ni wiki ya maisha yake iliyoondoka bila kumwachia kitu, na kiumbe aliyedekezwa hurudia.

Na usimlee hadi pumzi ya mwisho, isipokuwa kama hilo ndilo unalolitaka. Kwenye maabara unaweza kumgandisha, na kiumbe aliyegandishwa hazeeki hata wiki moja. Ukiwa na wawili waliogandishwa unaweza kuwaunganisha wapate mtoto anayerithi sehemu ya uwezo wa wazazi wote wawili. Aliyekufa hawezi kurithisha. Wakati wa kuwaunganisha, linganisha mpangilio wa uwezo wao: kama wazazi wote wana nguvu ya kwanza, uhai wa pili, ulinzi wa tatu, na mtoto wa aina ile ana mpangilio huohuo, anarithi vizuri zaidi kuliko mpangilio ukipishana.

Kwa hiyo endelea na daftari lako. Siku utakayoona zoezi lako la kipimo limeshuka miezi mitatu mfululizo, na kwa hesabu yetu hiyo inaweza kuwa baada ya kutimiza miaka 3 na nusu, mwingize kwenye mashindano unayoona anayaweza, kusanya pesa, kisha umgandishe kabla hajafika miaka 4 na nusu. Wakati huohuo anza kumlea wa pili, mwenye nguvu na ulinzi kama yeye, na huyo ununue Mint Leaf yake ya kwanza tangu mwezi wa kwanza.